Wimbo wa asili, asili ya nani?

Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani amenichekesha, kisha akaniudhi, yote mawili ndani ya aya moja. Anasema mwigizaji anayetoa albamu yake ya kwanza akaijaza nyimbo za watu wengine ni kama mgeni aliyekuja harusini na zawadi aliyoiokota mlangoni. Mfano wake ni Scarlett Johansson wa Marekani. Halafu anarukia Kampala kumkejeli dada mmoja wa michezo ya jukwaani, ambaye naye ametangaza kuwa atarekodi kopi tupu, yaani nyimbo za wengine peke yake, na kumuuliza kama hana nyimbo zake.

Mimi nimepiga gitaa la besi kwenye baa za Jinja na Kampala kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila usiku wa miaka hiyo nilipiga kopi. Watoto wangu wamesomeshwa na kopi. Kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Tuanze na huyo Mmarekani, maana mwandishi wenu amempitia juu juu. Albamu yake ilitoka Mei 2008, akiwa na miaka 23, tayari nyota wa sinema. Ina nyimbo 11, na 10 kati ya hizo ni za Tom Waits, mzee mwenye sauti ya gunia la kokoto linaloburutwa kwenye sementi. Nyingine mzee huyo alizitunga pamoja na mkewe, Kathleen Brennan. Wa 11 aliutunga dada mwenyewe na prodyuza wake, Dave Sitek. Walirekodi huko Louisiana, na David Bowie, nguli wa muziki wa Uingereza, akaongeza sauti za nyuma kwenye nyimbo mbili. Bowie! Mtu wa namna hiyo huwa haitwi kuja kusindikiza zawadi ya kuokota.

Mpwa wangu aliniwekea albamu hiyo kwenye flashi. Sikuipenda yote, nisiwadanganye. Vinanda vimemfunika dada mpaka unahisi anaimba akiwa ndani ya pipa la maji, na nyimbo kama nne hivi nilizirusha kabla hazijafika katikati. Lakini kuna kitu kilinifanya nirudi kuisikiliza mara ya pili. Hakuiga sauti ya mzee. Angeweza kukwaruza koo kama wafanyavyo vijana wetu wakiimba nyimbo za Wajamaika. Yeye aliziteremsha nyimbo hadi pale sauti yake nzito inapokaa vizuri, akazisema polepole, karibu kama mtu anayesoma barua. Huo ni uigizaji. Amechukua maneno ya mtu mwingine akayatolea mdomoni mwake kama kwamba ni yeye yaliyemkuta. Na tangu Jumba la Taifa la Maigizo lifunguliwe pale Kampala mwaka 1959, sijasikia mtazamaji akisimama na kumuuliza mwigizaji kama hana mchezo alioutunga mwenyewe.

Sisi wa baa tulikuwa tukifanya kinyume. Tulipiga rumba za Wakongo nota kwa nota, kii ile ile, hata kikohozi cha mwimbaji tukikisikia kwenye kanda tulikiweka. Mwimbaji wetu mmoja aliimba Kilingala miaka minane bila kujua neno zaidi ya "bolingo". Siku moja Mkongo halisi akaingia na kumfuata wakati wa mapumziko ili wazungumze, na jamaa akatokea dirisha la choo. Hiyo ndiyo kopi anayopaswa kuicheka mwandishi wenu, na nitacheka naye.

Tena ni ajabu kejeli hizi zitoke Uganda. Nchi hii ndiyo yenye maviijei. Nenda kibanda chochote cha video, kuanzia Katwe mpaka hapa Jinja: sinema ni ya watu wa Hollywood au wa Hong Kong, na juu yake kuna viijei anayeisimulia kwa Kiganda, akiongeza utani na kuwapa majambazi majina ya mitaa yetu. Watu hulipa kwa ajili ya viijei. Ukiwawekea sinema ile ile ikiwa tupu wanadai hela zao. Hakuna anayemwambia viijei aende akatengeneze sinema yake kwanza. Tunajua amefanya kazi, na kazi yake tunaiona.

Hapo mwandishi wenu nimemaliza naye. Lililonifanya nitafute kalamu ni jambo ambalo hakuligusa kabisa: jina la mtunzi linakwenda wapi.

Hapa Walukuba, mlango wa tatu kutoka kwangu, anaishi mzee mmoja aliyekuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nguo, enzi zile Wahindi wametoka kufukuzwa. Alitunga wimbo wa kumsindikiza bibi harusi. Aliutunga kwa Kiswahili, kwa sababu estate hii ya wafanyakazi ilijaa Wasoga, Wateso, Waluo, Walugbara na Wanyarwanda, na harusi ilikuwa ya wote. Wimbo huo unachechemea. Ukihesabu mapigo unakuta kila mzunguko wa nne una pigo moja limepotea, na mpiga ngoma mgeni lazima ajikwae. Nilipomuuliza sababu, mzee akanieleza kuwa mashine aliyokuwa akiihudumia ilikuwa na ubovu, ikifuma mara tatu vizuri, mara ya nne inaruka. Mwili wake ulishazoea. Nimepiga besi ya wimbo huo kwenye harusi na kwanjula, zile sherehe za kutambulishana kabla ya ndoa, nisizozikumbuka idadi, na pale pigo linapokosekana mguu wa kila mcheza hubaki hewani kidogo, kisha wote wanatua pamoja. Utamu wote uko pale.

Miaka kadhaa iliyopita mwigizaji mwingine wa Kampala, si huyu wa mwandishi wenu, aliurekodi kwenye albamu yake ya kwanza, albamu ya nyimbo za zamani alizozipenda. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu kosa nadhani halikuwa lake. Nilikuwepo siku aliyokuja kuujifunza. Alikaa kwenye benchi letu saa tatu nzima, gomesi lake kalikunja magotini asilichafue, akiandika maneno kwenye daftari la shule. Hakuuliza habari za sauti. Aliuliza: bibi harusi anapoimbiwa ubeti huu amesimama wapi? Anamtazama nani? Mama yake yuko ndani au uani? Kwa miaka yote niliyoupiga wimbo huo sikuwahi kujiuliza mama yuko wapi.

CD ilipotoka tuliisikia kwanza kwenye redio ya dereva wa boda. Prodyuza alikuwa ameunyoosha wimbo. Kompyuta yake haikubali mashine mbovu, kwa hiyo pigo lililopotea likarudishwa mahali pake na wimbo ukawa unakwenda sawasawa kama askari wa gwaride. Nilikasirika. Mzee alikaa kimya mpaka ubeti wa mwisho. Pale yule dada alinyamaza ghafla, pumzi moja, halafu akamalizia maneno kwa sauti ya mtu aliyegeuza shingo. Mzee akasema, "Mashine wameitengeneza. Lakini mtoto huyu amejua mahali bibi harusi anapogeuka." Basi. Hayo ndiyo maoni bora ya muziki niliyowahi kuyasikia, na hayakutoka kwenye ukurasa wa burudani.

Kisha mpwa wangu akaleta kasha lenyewe. Kwa nyuma, kila wimbo wa Kiganda ulikuwa na jina la mtunzi wake kwenye mabano. Mbele ya wimbo wa mzee waliandika: wa asili.

Mzee alinirudishia kasha, akavua miwani. "Asili ni mimi," akasema, "au ni babu yangu?"

Niliwapigia simu watu wa studio, ambayo sitaitaja. Kijana aliyepokea alinijibu kwa adabu kabisa kwamba walidhani ni wimbo wa wote, si unaona ni wa Kiswahili? Nimelitafakari jibu hilo muda mrefu. Ungekuwa wa Kisoga wangetafuta ukoo. Ungekuwa wa Kiganda wangemuuliza mtu, hata kwa kuogopa kelele. Kwa kuwa ni wa Kiswahili wakauokota kama embe lililoanguka barabarani. Tangu marekebisho ya 2005 Katiba yetu inakiita Kiswahili lugha rasmi ya pili, ila kwa watu wengi hapa bado ni lugha ya kambini na sokoni, lugha isiyo na baba. Na wimbo wa lugha isiyo na baba, wanadhani, nao hauna baba.

Jambo hili si geni kwa nyimbo za Kiswahili. "Malaika" ameuimba Miriam Makeba, wakauimba Boney M. mwaka 1981, umezunguka dunia yote, na hadi leo watu wanabishana ni wa nani: Fadhili William aliyeurekodi Kenya, au Adam Salim anayetajwa na wengine kwamba aliutunga miaka mingi kabla. Fadhili amekufa, Makeba amekufa, ubishi haujafa. Laiti mtu mmoja angeandika mstari mmoja mapema, siku ile ile, kwa kalamu.

Sheria tunayo. Ile ya hakimiliki ya mwaka 2006 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kunufaika na kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Chukueni Philly Lutaaya, ambaye nyimbo zake za Krismasi husikika kila Desemba kuanzia maduka ya Kikuubo, Kampala, hadi kwenye duka lolote la kijijini: alifariki mwaka 1989, kwa hiyo hesabu yake inafika 2039. Chama cha kukusanya mirabaha pia kipo, UPRS. Lakini "wa asili" hana akaunti ya benki, hawezi kwenda ofisini kwao kujaza fomu, na hafi, kwa hiyo hata ile miaka 50 haianzi kuhesabiwa. Neno hilo huonekana la heshima, kumbe ni sanduku la kuzikia watu walio hai.

Ndiyo maana Johansson simcheki. Albamu yake unaweza kuipenda au kuitupa, ila hakuna aliyeisikia asijue nyimbo ni za nani. Jina la Waits lilitangulia kila mahali albamu ilipotajwa, na hata jina la albamu yenyewe ni la wimbo wake. Wakosoaji walipomshambulia dada walimpima na mzee. Hivyo ndivyo kopi inavyopaswa kupimwa.

Sasa kasha limekufa. Nyimbo zinaingizwa kwenye simu pale kibandani, faili zikiwa na jina la mwimbaji na namba ya kijana anayeuza, na mtunzi hana hata mahali pa kuandikiwa "wa asili". Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawahusu ninyi, mhariri, kabla ya studio. Mkiandika habari za albamu ya huyo dada wa jukwaani aliyekejeliwa na mwandishi wenu, wekeni chini yake orodha ya nyimbo na mbele ya kila mmoja jina la aliyeutunga. Muulizeni yeye. Asipojua, mwambieni akatafute, na habari isubiri toleo linalofuata. Nafasi ipo, wiki iliyopita mlitumia robo ukurasa kueleza viatu alivyovaa.

Na kama katika hizo kopi zake kuna wimbo wa bibi harusi wa Walukuba, mzee bado yupo mlango wa tatu. Siku hizi haoni vizuri usiku, kwa hiyo aje mchana. Nitampeleka mwenyewe. Aje na kalamu, na mpiga ngoma anayejua kuhesabu mpaka tatu na nusu.

Mpiga besi mstaafu,
Walukuba, Jinja.