Tuanze uwanja wa shule kutoka ardhini

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kila kikao chetu kuhusu uwanja wa michezo huanza na picha za mabembea ya chuma na kuishia na "hatuna fedha". Naomba tuanzie chini. Watoto wengi wanaoumia viwanjani huumia kwa kuanguka. Basi fedha ya kwanza inunue mchanga laini wa kutandaza chini ya bembea, kina cha sentimita 30 hivi, na usawazishwe mara kwa mara. Rangi na brashi zinatosha kuchora michezo ya kuruka kwenye sakafu ya zege. Matairi chakavu tuyaombe gereji, lakini yatobolewe maji yasituame na kuzalisha mbu, na yenye nyaya zilizochomoza tuyakatae.

Wafadhili tuwaombe kitu kimoja kinachoeleweka: lori la mchanga, siku moja ya fundi wa kuchomelea, miche ya kivuli. Barua ya "kusaidia uwanja" hubaki mezani. Fungu la matengenezo lisisahaulike, minyororo hulika.

Na njia ya kufikia bembea iwe ya ardhi ngumu, tambarare. Darasani mwangu yupo mtoto wa kiti cha magurudumu, na mchangani magurudumu huzama.

Mwalimu wa darasa la kwanza