Shukrani kwa fundi baiskeli wa Likoni

Fundi, jina lako hatukuliuliza, kwa hiyo ahsante hii tunaitoa hadharani.

Ahsante kwanza kwa gurudumu la nyuma. Ulizigusa spoku moja moja kwa ukucha, kama mpiga udi anayekaza nyuzi. Iliyolia nzito ndiyo iliyolegea. Spoku hukatika upande wa friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo, kwa sababu huko zimekazwa zaidi, na mzigo nao wote umerundikwa nyuma. Kuibadilisha lazima friwili itoke, na bila ufunguo wake hapo umekwama. Tatu za akiba ulizifunga kwa utepe kwenye fremu, urefu ule ule, maana iliyozidi kidogo tu hutoboa tyubu.

Na maelezo yako ya kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania ni dhahabu. Lunga Lunga, upande wa Kenya, na Horohoro, upande wa Tanzania, ni vituo vya pamoja: anayekwenda Tanzania hupita moja kwa moja hadi Horohoro, agongewe muhuri wa kutoka Kenya kwanza, kisha wa kuingia. Kurudi, yote Lunga Lunga. Cheti cha homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti, si chini ya begi. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Hela ya spoku uliikataa. Ufunguo wako wa friwili, samahani, uliondoka ndani ya begi letu. Uko kwa mama wa mahamri karibu na feri.