Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Mafunzo ya Mafundi Wapya

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliofunga vibanda Jumamosi, siku ambayo wateja ni wengi. Mahesabu atayasoma mhazini baada yangu, na muhtasari wa mkutano uliopita mnao mikononi, kwa hiyo sitayarudia hayo. Taarifa yangu itakaa mahali pamoja: mafunzo ya vijana wanaoanza ufundi wa kompyuta, wale watakaokaa meza moja na mtumiaji wa kawaida ambaye mashine yake imegoma. Mwaka jana mlipiga kura fedha za chama ziende huko. Ni haki yenu kujua zimefanya nini.

Mnakumbuka kilichotufikisha kwenye kura ile. Hapa Morogoro ukipeleka kompyuta kwa fundi, iwe nzito, iwe haichapishi, iwe inajizima, jibu ni moja: "Tupige Windows," yaani kufuta na kuweka upya Windows, mfumo endeshi unaoiendesha kompyuta nzima. Mimi mwenyewe nimelitoa jibu hilo miaka mingi. Linalipa, na mteja anaondoka na mashine inayong'aa. Lakini anaondoka pia bila draiva ya printa yake, ile programu ndogo inayoiunganisha printa na kompyuta, pengine bila picha za harusi, na wiki mbili baadaye tatizo ni lile lile, kwa sababu hakuna aliyelitafuta.

Kwa hiyo darasa tulilianza kwa katazo. Wiki nne za mwanzo, hakuna mwanafunzi kupiga Windows. Tulifuata hatua sita ambazo CompTIA, shirika la kimataifa linalotoa vyeti vya teknolojia, wanazitahini kwenye cheti chao cha ufundi wa kompyuta kiitwacho A+: tambua tatizo, kisia chanzo, lijaribu kisio lako, panga suluhisho na ulitekeleze, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, kisha andika. Ukizisoma zinaonekana nyepesi. Mezani, hatua ya kwanza peke yake ilitula muda kuliko nyingine zote.

Naomba niwasimulie tukio moja. Alikuja mama mwenye stesheneri kule Kihonda na kompyuta ya mezani "isiyofungua intaneti". Mafundi watatu walikuwa wameshampigia Windows, na wote watatu aliwalipa. Kwao ilifungua kila kitu. Akiirudisha dukani, kesho yake asubuhi tovuti zinakataa, kivinjari kinamwambia muunganisho si salama. Mwanafunzi aliyepangiwa kazi ile ni binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Alimwamkia, akamvutia kiti, akafungua daftari. Mashine hakuigusa.

"Mama, jioni ukifunga duka, hii unaizimaje?"

"Naizima vizuri, mwanangu. Halafu nazima na pale ukutani. Naogopa umeme ukikatika usiku ukarudi kwa nguvu, utaniunguzia."

Binti akaandika. Ndipo akaiwasha na kuangalia kona ya chini kulia. Tarehe ilikuwa ya Januari 2015.

Wengi wenu mmeshaelewa. Ndani ya karibu kila kompyuta ya mezani kuna betri ya CR2032, duara dogo kama kifungo cha koti, inayoshikilia saa wakati umeme haupo. Ya mama ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila akizima ukutani tarehe inarudi nyuma. Tovuti nazo zina cheti cha kuthibitisha kwamba ni zenyewe, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini tuko 2015 inakiona cheti hakijaanza kutumika, inakikataa. Kwa wale mafundi watatu tarehe iliwekwa sawa wakati wa kupiga Windows, na hakuna aliyechomoa mashine usiku kucha, basi kila mmoja akaamini kweli kwamba amemaliza kazi. Hawakuwa matapeli. Hawakuuliza tu.

Tulibadilisha betri, tukaweka tarehe, tukamwomba mama aizime mwenyewe kama anavyozima dukani na aichomoe. Tukanywa chai huku ikikaa bila umeme. Ikawashwa tena, tarehe ikawa mahali pake. Nasisitiza ile chai, maana hatua ya tano wengi wetu tunaikata: tunajaribu mashine kwa mazoea yetu, si kwa mazoea ya mwenye nayo.

Jambo la pili tulilolishughulikia ni maneno. Mtumiaji hasemi kwa lugha ya fundi, na hana sababu ya kusema hivyo. Atasema "imekufa". Tulipowataka vijana wamuulize kila aliyesema hivyo anamaanisha nini, yalikuja mambo tofauti kabisa: haina hata taa, taa ipo na feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, nembo inatokea kisha inajizima, imefika mpaka kwenye nywila na haipokei, au inafanya kazi vizuri, ila faili alilokuwa akiliandika halionekani. Kila moja ina njia yake, na ya kwanza mara nyingine huishia kwenye ekstensheni iliyochoka. Vijana sasa wana daftari la pamoja lenye maneno ya wateja upande mmoja na walichokikuta upande wa pili. Naliona ndilo mali kubwa tuliyoipata mwaka huu, kuliko hata zile kompyuta za kufanyia mazoezi.

Upande wa mfumo endeshi wenyewe sitakaa sana, mnaujua. Tumewafundisha kuanza na kisichoharibu: kuwasha upya, kufungua akaunti nyingine ya mtumiaji waone kama tatizo lipo na huko, kuingia kwa hali salama ambamo draiva na programu za ziada hazipakiwi, kusoma kumbukumbu za matukio ambazo Windows hujiandikia. Kisha ndipo amri za ukarabati, na kwa mpangilio wenye sababu. Amri ya sfc /scannow hubadilisha faili za mfumo zilizoharibika kwa kuchukua nakala safi kutoka ghala lililomo ndani ya Windows yenyewe. Ghala likiwa bovu, itachukua wapi? Ndiyo maana ikishindwa tunatengeneza ghala kwanza kwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu tunarudia sfc. DISM huweza kuvuta faili kwenye intaneti, na hilo lazima mteja aambiwe mapema ikiwa bando ni lake.

Kufundisha kwa nini hali salama ni muhimu, tulitumia yaliyotokea Ijumaa ya 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, viwanja vya ndege na hospitali zikiwemo. Dawa ilikuwa kuingia hali salama na kufuta faili moja. Lakini kwenye mashine nyingi ilibidi mtu aende akae mbele yake, na penye BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data za diski, alitakiwa kuwa na ufunguo wa tarakimu 48 kabla hajafika popote. Wanafunzi wetu sasa hawagusi mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, kwenye mashine ya mtu kabla ya kuuliza kama diski imefungwa na ufunguo uko wapi. Nawaomba na wakongwe tuige.

Sasa nalazimika kusema tulipoumiza mtu. Mwalimu mmoja alituletea kompyuta iliyokuwa ikiganda, na diski yake ilikuwa ikigonga, tik, tik, tik. Mwanafunzi aliendesha chkdsk /r, amri inayosoma diski nzima sehemu baada ya sehemu. Kwa diski yenye afya haina neno. Kwa diski inayokufa, ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani. Ilisimama katikati na haikuonekana tena, na alama za mtihani wa muhula zikaenda nayo. Kijana alifanya kwa nia njema. Kosa ni letu, kwa sababu somo la kunakili data tulikuwa tumelipanga wiki ya sita. Nilikwenda kwa mwalimu yule mwenyewe kumwomba radhi kwa niaba yenu. Tangu siku hiyo somo la kwanza kabisa, kabla ya hatua zote sita, ni hili: ukisikia diski inalia, au ukikuta hali yake kwenye SMART, kipimo cha afya kilichomo ndani ya diski yenyewe, si nzuri, nakili kwanza data za mtu kwenye diski nyingine. Mengine yatafuata.

Kuna pia mwanafunzi aliyekutwa akifungua picha za mteja ambazo hazikuhusiana na tatizo. Kamati ilimwondoa. Baadhi yenu mliona adhabu ni kali, nami nimewasikiliza, lakini msimamo wangu haujabadilika. Mbali na heshima, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na mtu anapotuachia kompyuta anatuachia nyumba yake na ufunguo.

Nimalizie na Windows 10. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere, tukiwa mapumzikoni. Wiki zilizotangulia nilisikia, nami nilisikitika, baadhi ya vibanda vikiwaambia wateja kompyuta zao zitazima siku hiyo. Hazikuzima. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, na hilo ni zito la kutosha bila kuongezewa chumvi. Mashine nyingi tunazozihudumia ni zile zilizokwishatumika Ulaya, za Intel kizazi cha nne na cha sita. Windows 11, toleo linalofuata, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kichakataji kuanzia karibu kizazi cha nane, kwa hiyo zile hazipiti kwa njia rasmi. Vijana wamefundishwa kumweleza mtumiaji ukweli huo na njia alizo nazo: kujiandikisha kupata nyongeza ya masasisho hadi 13 Oktoba 2026, kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ikiwa kazi yake ni kivinjari na kuandika barua, au kupanga kununua nyingine bila haraka. Uamuzi ni wake. Fundi asimchagulie kwa kumtia hofu.

Yaliyotushinda ni haya. Wasichana bado ni wachache mno darasani, na sababu moja tuliyoambiwa waziwazi ni vipindi kuisha giza likiwa limeingia. Hatua ya sita, kuandika, vijana wanaifanya tukiwa tumesimama nyuma yao tu. Na wanachama walioahidi kupokea mwanafunzi kibandani kwa mazoezi, zaidi ya nusu hawakumpokea.

Kamati inaleta mapendekezo matatu mbele yenu: vipindi vihamie asubuhi, kila mwanachama anayepokea mwanafunzi apunguziwe ada ya mwaka, na chama kinunue diski mbili za nje za kunakilia data za wateja, zikae darasani zisiazimwe. La tatu linahitaji kura leo hii, kwa kuwa darasa jipya linaanza mwezi ujao.

Naomba kuwasilisha.