Barua kuhusu meno ya Simba

Ipagala, Dodoma
24 Agosti 2025

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, isipokuwa upepo wa mwezi huu unaotujaza vumbi hadi kwenye masufuria, na isipokuwa mbwa wetu Simba, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu baada ya kimya cha tangu Pasaka, kimya ambacho nakuomba radhi.

Bila shaka unakumbuka jinsi alivyokuwa akivunja mfupa wa paja la mbuzi hadi majirani wanasikia. Siku hizi anautafuna kidogo kwa upande wa kushoto, kisha anauweka chini na kunitazama. Kinywa kinanuka kiasi kwamba Mama Tumaini amemfukuza barazani. Nilipomfunua mdomo niliona meno ya nyuma yamefunikwa na ukoga wa rangi ya kahawia, mgumu kama ule utando unaoganda ndani ya birika zetu kwa haya maji ya chumvi, na ufizi ukitoka damu kwa kuguswa na kidole tu.

Nakiri kosa langu kabla hujalisikia kwa shemeji. Mwezi Mei nilimwita kijana mmoja aliyedai kusafisha meno ya mbwa nyumbani bila dawa ya usingizi. Tulimshika Simba watu watatu, naye akamkwangua kwa chuma muda wa dakika 20. Meno yakawa meupe, nikalipa kwa furaha, na baada ya wiki tatu harufu ikarudi. Daktari wa mifugo niliyemwona baadaye alinieleza kwamba kilichoondolewa ni kile kinachoonekana, ilhali ugonjwa wenyewe hukaa chini ya ufizi, mahali ambapo mbwa aliye macho hakubali kuguswa. Tena kukwangua bila kung'arisha huacha mikwaruzo ambayo ukoga mpya huishika upesi. Mama Tumaini akasema tulipaka chokaa ukuta wenye mchwa.

Usafishaji wenyewe hufanywa mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi, amewekewa mrija wa kupumulia ili maji na uchafu visiingie mapafuni, na meno yote 42 yakapimwa moja moja, pamoja na picha za eksirei za mizizi. Hapo ndipo penye hofu yangu, kwa kuwa Simba ametimiza miaka tisa. Daktari anasema umri peke yake si kizuizi, mradi damu, figo na moyo vichunguzwe kwanza. Mchana namwamini, usiku ni habari nyingine.

Mswaki nimeshanunua, na majirani wamecheka hadi wamechoka, lakini hauondoi kilichokwisha kuganda. Dawa yetu ya meno nayo haimfai, kwa sababu mbwa hajui kutema.

Sasa nina ombi. Je, unaweza kupita katika hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, maadamu uko hapo hapo Morogoro, ukaniulizia kama wanasafisha meno ya mbwa mzee, na kwa gharama gani? Wanapima damu siku hiyo hiyo? Atalala huko au nitarudi naye jioni? Shemeji ataturuhusu kulala barazani kwenu usiku mmoja, harufu na yote? Na yule paka wenu aliyeng'olewa meno, anakulaje?

Nitakuja na zabibu zenu, nikizificha mbali na Simba, maana huharibu figo za mbwa. Tafadhali nijibu mapema, kwani leo asubuhi ameacha hata mfupa wa kuku.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Tumaini