Ruhusa mbili za seli T

Mwanangu Rehema,

Hatujambo huku. Uliniuliza kwa nini seli T, askari wa kinga ya mwili, ikishamtambua adui, isianze vita papo hapo. Kumtambua hakutoshi, inahitaji ruhusa. Kipokezi chake kinaposhika kipande cha protini kilichooneshwa na seli nyingine, hiyo ni ishara ya kwanza. Ya pili huja pale CD28, protini iliyo kwenye utando wa seli T, inapokutana na CD80 au CD86, protini zilizo juu ya ile seli nyingine. Ni kama hundi ya kikundi chetu: bila sahihi ya pili, benki haitoi pesa. Seli iliyopata ishara ya kwanza peke yake hupooza, na hata ukiichokoza tena haiitikii.

Machi 2006, mjini London, wanaume sita wenye afya njema walipewa dawa ya majaribio, TGN1412. Ilikuwa kingamwili iliyoundwa kuiwasha CD28 bila kungoja ishara ya kwanza. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile waliyoivumilia kima. Hazikupita saa mbili wakaumwa kichwa na mgongo, wakatapika, homa ikapanda. Baadaye figo na mapafu yakaanza kushindwa kazi. Wote walinusurika, ila mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono. Ikaja kubainika kuwa kwa kima wale, kundi moja la seli T za kumbukumbu halina CD28, ilhali kwa binadamu linayo. Kima walisalimika kwa sababu hawakuwa na cha kuwashwa!

Ndiyo maana mimi naiheshimu zaidi breki ya seli T, protini iitwayo CTLA-4. Hujitokeza seli ikishaamka, na kwa kuwa hung'ang'ania CD80 na CD86 kwa nguvu kuliko CD28, huinyang'anya. Panya waliozaliwa bila jeni yake hufa wakiwa na umri wa wiki chache, viungo vimejaa seli T. Mwanasayansi wa Marekani, James Allison, aliamua kuifunika breki hiyo ili seli T ziishambulie saratani. Dawa ya kuifunika, ipilimumab, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2011, na 2018 Allison akapata tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani. Lakini breki ikilegezwa, hulegea mwili mzima: wagonjwa wengine huvimba utumbo na kuharisha vibaya, wengine tezi ya shingo huathirika.

Honjo na PD-1 yake, breki nyingine ya seli T, tutawazungumza ukija likizo, maana hiyo hufanya kazi zaidi huko kwenye tishu na ina mambo yake. Shangazi anauliza kama kitenge kilikufikia.

Mama yako