Habari za wiki, Mama Tumaini

Mbagala, Dar es Salaam
Jumamosi, saa nne asubuhi

Mama Tumaini mpendwa,

Hujambo shoga yangu? Watoto hawajambo, na Baba Tumaini je? Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, mwambie yale maparachichi aliyonifungashia Desemba yalifika mazima yote isipokuwa mawili, na hayo mawili nayo tuliyala hivyo hivyo. Sisi huku tupo, mvua tu ndiyo inatuonea. Jana nimetoka Rangi Tatu hadi nyumbani viatu mkononi. Juzi hata sweta nilivaa. Najua ninyi watu wa Njombe mkisikia mtu wa Dar kavaa sweta mnacheka, basi cheka umalize tuendelee.

Nakuandikia kwa mkono kama zamani, kisha nitapiga picha ukurasa mmoja mmoja nikutumie. Haya si mambo ya ujumbe wa sauti, mtu unasikiliza huku unapika na nyumba nzima inasikia. Uliniuliza mbona nimekuwa kimya. Nilikuwa na jambo limenikwama kooni, na aliyelisababisha ni mimi mwenyewe.

Unaikumbuka ripoti ya zamu. Ijumaa mchana, wanafunzi wamesimama mstarini juani, mwalimu wa zamu anafungua kitabu: watoro wangapi, waliochelewa wangapi, darasa lililoongoza kwa usafi ni lipi, lililoburuta mkia ni lipi, michango ya chakula isichelewe, ahsanteni, tawanyikeni. Tulipokuwa pale chuo cha ualimu cha DUCE, Chang'ombe, tukitoka mafunzo kwa vitendo, wewe ndiye uliyesema ile ripoti inahesabu kila kitu hadi mafagio, ila haisemi mtoto yukoje. Mimi nilikucheka. Basi mwaka huu mkuu wa shule kanipa kazi mbili kwa mpigo: niwe mwalimu wa unasihi, na kila Ijumaa ile ripoti niifupishe iwe "Habari za Wiki", iende kwenye magrupu ya wazazi ya WhatsApp. Wazazi wasio na simu janja tunawatolea kopi, nyingine tunabandika getini.

Chumba cha unasihi ndiyo stoo ya vifaa vya michezo. Unamsikiliza mtoto anayelia, mmekaa katikati ya mipira isiyo na upepo na fulana za UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, za miaka hiyo. Lakini wanakuja. Mwanzoni walikuja wasichana, wawili wawili, mmoja ana shida na mwingine kamsindikiza, na hujui yupi ni yupi mpaka dakika ya ishirini. Baadaye na wavulana wakaanza, wao wanakuja kwa kisingizio cha kurudisha mpira.

Nilidhani nitasikia mambo mazito ya kwenye vitabu vya saikolojia tulivyokariri. Mengi ni ya njiani na ya tumboni. Mtoto anatoka Mbande au Chamazi, anaamka saa kumi alfajiri, anafika kituoni, konda anamwangalia sare anamwambia "wanafunzi wawili tu, wengine subirini". Nauli yao ni shilingi 200, ya mtu mzima ni zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kila kiti anachokalia mwanafunzi konda anakiona ni hasara. Magari matatu yanampita. Anafika saa mbili kasoro, kalowa, getini anakutana na mwalimu wa zamu na fimbo. Na hiyo fimbo, Mama Tumaini, kanuni za mwaka 2002 zimeiwekea mipaka, visizidi viboko vinne na viandikwe kitabuni. Niliwahi kukiomba hicho kitabu nikione. Nililetewa daftari jipya lenye bei yake juu.

Kuna na chakula. Ada ilipofutwa Januari 2016 tulifurahi, na watoto walimiminika kweli, madarasa yakafurika. Ila chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa kilibaki kwa wazazi wakubaliane wenyewe. Wetu walikubaliana makande. Aliyechangiwa anakula, asiyechangiwa anakwenda bombani kunywa maji taratibu sana, apoteze muda. Ukisimama dirishani ofisini unaweza kuwajua wote kwa namna wanavyokunywa maji.

Basi nikaona, kama nimepewa hizi Habari za Wiki, niziongezee kipande chini: "Hali za watoto wetu". Mistari mitano tu. Wiki ya kwanza nikaandika habari ya makonda. Mzazi mmoja, kumbe ni dereva wa hiyo njia ya Mbande, akajibu saa hiyo hiyo kwamba atazungumza na wenzake kituoni. Sikuamini, lakini wiki iliyofuata waliochelewa wakapungua nusu. Wiki ya tatu nikaandika kwamba wasichana wanakosa shule siku tatu nne kila mwezi kwa kukosa taulo za kike. Unakumbuka tulivyoshangilia 2018 walipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka uliofuata wakairudisha kabla hata bei haijashuka dukani kwa Mangi? Safari hii hatukusubiri bajeti. Kina mama wa kikoba kimoja cha hapa Kizuiani walileta katoni mbili Jumatatu asubuhi, wamejitwisha kichwani, wanapiga vigelegele mpaka kidato cha kwanza wakatoka nje kuchungulia. Nikavimba kichwa, nakuambia ukweli.

Na namba 116 nikaiweka kila wiki, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nipige kwa simu ya nani?" Shuleni simu marufuku. Nyumbani simu ni ya baba. Na huyo binti shida yake ni baba. (Lake limefika polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, linashughulikiwa, sitaliandika zaidi hapa wala popote.) Tangu siku hiyo simu yangu mwenyewe inakaa mezani kwenye ile stoo, haina nywila, na mimi nikiona mtoto anaiangalia sana natoka kwenda kuhesabu mipira nje.

Sasa nifike kwenye langu.

Kuna kijana wa kidato cha pili. Analala darasani, si kusinzia, analala hasa, mate yanadondoka kwenye daftari. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshamwandalia fimbo. Nikamwomba anipe siku mbili. Kijana akaja stoo, akakaa juu ya mpira, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba anamenya viazi kwenye kibanda cha chipsi Rangi Tatu mpaka saa sita usiku, wakati mwingine saa saba wateja wakiwa wengi. Anaishi na bibi yake. Bibi ana sukari na kidonda mguuni. Nikamwambia amefanya vizuri kuniambia. Nikaenda kwa mwalimu wa nidhamu, fimbo ikaahirishwa. Mpaka hapo nilikuwa mwalimu mzuri.

Ijumaa hiyo nikakaa kuandika. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya haki kabisa, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kufanyishwa kazi usiku. Nikaandika: "Wazazi, wapo watoto wetu wa kidato cha pili wanaokesha wakimenya viazi kwenye vibanda vya chipsi, darasani wanalala. Tuwalinde." Jina sikuandika. Niliisoma mara mbili, nikaona imekaa vizuri, nikatuma.

Wewe umeshaona kosa, sivyo? Mimi sikuliona mpaka Jumatatu. Kidato cha pili wanaolala darasani ni mmoja. Na Rangi Tatu nani asiyepita kununua chipsi? Saa nne asubuhi nilikuwa napita koridoni nikasikia darasa zima linaita "Zege! Zege!" Ile ile chipsi mayai ya vijana. Ubaoni mtu kachora yai na kiazi vimeshikana mikono. Mzazi mmoja naye, Mungu amsamehe, alikuwa ameandika kwenye grupu, "huyo si mjukuu wa bibi wa vitumbua wa Charambe?" na watu kumi na saba wakaweka vikatuni vya kulia. Jumanne kijana alikuja. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Kwenye ripoti ya zamu akahesabiwa mtoro.

Alhamisi jioni nikaenda. Bodaboda aligoma kuingia lile tope la Charambe, akanishushia dukani, nikatembea. Bibi akanikaribisha kwenye mkeka, akataka kunikorogea chai, nikamwambia bibi kaa, mguu huo. Kijana akatoka ndani, "Shikamoo mwalimu", akasimama kaangalia chini. Nikamwomba radhi. Bibi akashtuka. "Mwalimu unamwomba mtoto radhi?" Akacheka kidogo kwa aibu, kama nimevua kitambaa mbele yake. Mimi mwenyewe sikumbuki mwalimu aliyewahi kuniomba radhi tangu darasa la kwanza hadi chuo. Kijana alikaa kimya, halafu akasema neno moja tu:

"Mwalimu, ile nilikuambia wewe."

Mama Tumaini, nimefundisha miaka kumi na mbili na nimetukanwa na wazazi, na afisa mmoja aliwahi kuniita mzembe mbele ya wanafunzi wangu. Hakuna lililoniingia kama hilo. Na hakulisema kwa hasira. Alinieleza tu, kama mtu anayekuonyesha ulipoangusha kitu.

Amerudi shule, nikuondolee wasiwasi. Nilikwenda na kwa mwenye kibanda, nikijiandaa kugombana, kumbe ni kijana mdogo tu naye aliishia kidato cha pili. Amekubali kumwachia kabla ya saa mbili usiku, na hela amesema hatampunguzia. Hatampunguzia mpaka lini, sijui. Wateja wa chipsi wanaanza kuja hiyo hiyo saa mbili. Ofisa ustawi wa jamii ameandika jina la bibi, kaahidi kuulizia TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Ahadi unazijua. Kumwambia kijana aache kazi kabisa nimeshindwa, maana najua dawa za bibi zinatoka wapi. Jina la Zege nalo halijafutika, ila sasa analiitikia mwenyewe, anacheka, na sijui kama hiyo ni nafuu au ni ngozi imeota sugu. Jana alikuwepo. Alisinzia kipindi changu dakika kumi hivi, nikamwacha, nikafundisha kwa sauti ya chini. Wa nyuma wakalalamika hawasikii.

Mwenzangu mmoja ofisini aliposikia akasema, unaona, ndiyo maana sisi tunaandika idadi tu, idadi haiumizi mtu. Nikataka kumkubalia. Kisha nikatazama ukutani nyuma yake, palipobandikwa matokeo ya jaribio: kumi bora juu, kumi wa mwisho chini, majina kamili na alama. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, sisi huku bado tunabandika mpaka wa mwisho, na mtoto anapita hapo kila akitumwa chaki. Idadi nazo zina majina, tumezizoea tu. Nimeomba yale ya kumi wa mwisho yatolewe. Mkuu kasema tutalizungumza kwenye kikao. Nilipotoka nikayabandua, nikasema ni upepo. Usinitaje.

Kipande cha "Hali za watoto wetu" sijakifuta. Wiki mbili nilikiacha kitupu, na wazazi wakauliza, hata yule aliyemtaja bibi wa vitumbua kwenye grupu. Sasa nina kanuni yangu moja: nikitaka kuandika jambo la mtoto mmoja, namsomea yeye kwanza, akikataa nalipeleka kwa mkuu au ustawi kimya kimya na kwenye karatasi halionekani. Kina dada wawili wameshanikatalia. Mmoja ni yule aliyerudi kidato cha tatu baada ya kujifungua, kwa ule waraka wa Novemba 2021. Nilitaka kuandika jinsi tunavyojivunia. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka niwe mwanafunzi tu." Basi nimemwacha awe mwanafunzi tu, na alama zake za Bayolojia sikuambii.

Picha ya mwisho hapo chini ndiyo karatasi ya wiki hii, mistari sita, bado sijaituma. Isome kama mama mbea wa Mbagala, si kama rafiki yangu. Mstari wowote utakaokufanya useme "ahaa, huyu ni fulani", ukate wote, usinionee huruma. Nitaituma kesho baada ya magharibi, kwa hiyo nijibu kabla hujaenda kanisani, maana ukishatoka huko najua una shamba la viazi na hupatikani tena.

Wasalimie wote.

Wako,
Mama Yusra