Barua ya wazi kwa vijana waliomcheka yule mzee pale londri

Wanangu,

Mimi sijambo ila nimekasirika, bora niseme mapema asije mtu akashangaa huko mbele.

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale londri, nimekaa nasubiri mashuka yangu yakauke, na nyie mlikuwa wanne karibu na mashine ya chenji mnachezea simu. Mtu akabamiza mlango wa ile mashine kubwa ya kukaushia, paa! Yule mzee mwenye kofia nyeusi akaenda chini. Hakuanguka jamani, kuanguka nakujua, nimeokota wazee kazini miaka 26. Alilala kifudifudi, mikono juu ya kisogo, kama mtu aliyefundishwa. Soksi zake zikatawanyika sakafuni. Na nyie mkafanya nini? Mkarekodi. Jioni klipu ikanifikia mimi bibi mzima kwenye simu ya mjukuu, na chini yake mmejaza vikatuni vya kulia kwa kucheka.

Majina siwataji. Mnajijua, na mama zenu nawajua.

Mmoja kaandika eti mzee kalewa. Hakulewa. Kofia yake imeandikwa Vietnam, vile vita Wamarekani walivyokwenda kupigana huko Asia miaka ya 1960 na 70, mngesoma badala ya kurekodi mngejua.

Hebu niwaambie habari ya soksi, maana nyie mlishatoka nje hamkuona kilichofuata. Aliinuka, akaziokota moja moja, akawa anaweka kila soksi shavuni kuhakikisha imekauka, ndipo anaikunja na mwenzake. Mimi nikakumbuka mbali. Nilipokuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee nilikuwa na mgonjwa wa vita hivyo hivyo, kila saa nane ya usiku ananibonyezea kengele anataka soksi kavu. Namwonyesha, baba, hizi ulizovaa ni kavu. Hapana, zimelowa. Basi nambadilisha, analala. Mkewe alikuwa anakuja Jumapili, siku moja nikamuuliza, akaniambia mume wangu hajawahi kunisimulia chochote cha kule, tuna miaka 34 ya ndoa, ila soksi zake hakuna anayeruhusiwa kuzifua, anafua mwenyewe. Baadaye mgonjwa mwingine ndiye aliyenieleza kwamba kule msituni mvua ikianza haiishi, miguu inaoza ndani ya buti, unavua soksi na ngozi inakuja nayo.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wale vijana, na walikuwa vijana kweli, wengi miaka 20 na kidogo, kama nyie, walipelekwa kila mtu na tarehe yake. Mwaka mmoja, wanamaji wa Marines miezi 13, siku zikiisha unapandishwa ndege, leo uko kwenye matope keshokutwa uko jikoni kwa mama yako unaulizwa utakula nini. Vita vya kabla ya hapo wengi walirudi kwa meli, siku nyingi baharini na wenzao, wanalia wanacheka wanagombana wanapatana, wakishuka bandarini angalau yamepungua kifuani. Huyu karudi peke yake, wenzake kawaacha wanapigana. Na nyumbani watu wamechoka, hawataki hata kusikia. Aliyepinga vita anamtazama kama muuaji, aliyeviunga mkono anamtazama kama mtu aliyeshindwa, na baba yake aliyepigana na Wajerumani anamuuliza nyie mlikosea wapi. Basi akanyamaza. Akaoa na ule unyamavu, akazaa nao. Watoto wake nimewaona wakija kumtembelea, watu wazima wenye mvi, bado wanafunga mlango polepole. Hakuna aliyewaambia kwa nini, walijua tu kwamba baba hapendi kishindo.

Mwenye kovu usidhani kapoa, wakubwa walisema. Ugonjwa wenyewe, kile kiwewe cha baada ya vita, madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza kwenye kitabu chao rasmi mwaka 1980. Saigon, mji mkuu wa upande uliosaidiwa na Marekani, imeanguka Aprili 1975 na vita vikaisha. Sasa hesabuni, na wa kwanza walikuwa wamerudi zamani sana, mtu kakaa miaka 10 na zaidi na ugonjwa usio na jina, anaambiwa ni ulevi, ni uvivu, ni tabia. Kama nyie mlivyoandika juzi! Hata ule ukuta wa majina ya wanajeshi wa Marekani waliokufa kule, pale Washington, majina zaidi ya 58,000, ulifunguliwa 1982 na pesa za kuujenga zilichangishwa na wakongwe wa jeshi wenyewe kwa watu, si hazina ya serikali. Mchoro wake kautoa Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21. Rika lenu. Yeye alikuwa anafanya cha maana.

Msije mkasema bibi anatetea vita. Sitetei. Mwenye ile londri ni mama wa Kivietnam, ndiye aliyewafukuza kama mnakumbuka, na kwao serikali yao ilisema 1995 kwamba walikufa raia karibu milioni 2 na wapiganaji zaidi ya milioni moja. Huo ukuta wao utaanzia wapi na kuishia wapi? Marekani iliingia vita vile kwa nguvu kwa habari kwamba meli zake zimeshambuliwa mara mbili Ghuba ya Tonkin, bahari ya Vietnam, Agosti 1964, shambulio la pili lililosemwa pale halikutokea, na bunge likampa rais ruhusa ya kupigana. Mwaka 1971 Daniel Ellsberg, mchambuzi aliyewahi kufanya kazi wizara ya ulinzi, akatoa nyaraka za siri za vita, watu wakasoma wenyewe kwamba wakubwa walijua mambo hayaendi wanavyotangaza. Mwaka 1964 Wamarekani zaidi ya 7 kati ya 10 walisema wanaiamini serikali yao, ilipofika 1974, vita na ile kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon vikiwa vimeshapita juu yao, hawakufika hata 4. Haijarudi kule mpaka leo. Kwa hiyo mkikutana na jirani asiyeamini neno lolote linalotoka Washington, hata la dawa, hata la hali ya hewa, msikimbilie kumwita mjinga, muulizeni kwanza baba yake alikuwa wapi 1968.

Na nani walipelekwa? Desemba 1, 1969 tarehe za kuzaliwa zilitiwa kwenye vidonge vya plastiki, zikachotwa mbele ya televisheni kama bahati nasibu, kuamua nani aanze kuitwa jeshini, ya kwanza ikatoka Septemba 14. Lakini mtoto wa chuo alikuwa na barua ya kuahirisha, mtoto wa daktari alikuwa na barua ya daktari. McNamara, waziri wa ulinzi, alifika mahali akashusha viwango, vijana zaidi ya 300,000 ambao jeshi lingewakataa kwa mtihani au kwa afya wakachukuliwa. Muhammad Ali, yule bondia, alikataa kuingia jeshini 1967, wakamvua mkanda, Mahakama ya Juu ikampa haki yake 1971 miaka yake mizuri ikiwa imeshaenda. Martin Luther King aliposema Aprili 4, 1967 kwamba vita vinakula pesa za maskini, hata magazeti yaliyokuwa yanamsifu yalimgeuka.

Mwaka 1973 wakaacha kuchukua watu kwa lazima, na kila mtu akashukuru, hata mimi ningeshukuru. Ila matokeo yake ni kwamba sasa wanaokwenda ni chini ya mmoja katika mia, sisi wengine tunaendelea na mambo yetu. Iraki wakaenda kutafuta silaha ambazo hazikuwepo, Afghanistan miaka 20. Wakirudi tunawaambia "asante kwa utumishi wako" halafu tunageukia simu zetu. Zamani walinuniwa, siku hizi wanashukuriwa, kusikilizwa bado. Na wakongwe wa jeshi zaidi ya 6,000 wanajiua kila mwaka.

Mengine nayasema kwa ufupi maana mkono umeshaanza kuuma. Anayetaka kujiunga, na najua yupo mmoja wenu, asome karatasi zote na anionyeshe kabla hajaweka sahihi. Orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini inawahusu wavulana wote wakifika 18, hata wenye grini kadi, msijifanye hamjui. Aliyepata uraia apige kura, wale wa 1971 walipewa kura wakiwa na 18 kwa sababu walikuwa wanakufa wakiwa na 18. Na mtu mzima akiwa sakafuni, simu inakaa mfukoni.

Ile klipu ifutwe leo. Si kesho.

Jingine, soksi moja ya kijivu ilibaki chini ya mashine, niliiona wakati nafagia fagia macho kabla sijatoka, ninayo hapa, nimeifua nikaianika mpaka imekauka kabisa. Mama mwenye duka anasema mzee huwa anakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakuwepo. Mkitaka kuja njooni, na mkifika msibamize mlango.

Ni mimi bibi yenu wa ghorofa ya pili.